Mwanamke wa Nembo, kwa Rangi Zake Zote

Jamani, itazameni Nembo ya Taifa la Tanzania ikiwa kubwa na yenye rangi zake zote! Tumezoea kuiona juu ya barua za serikali, nyeusi, ndogo kama kifungo cha shati, macho yetu yakikimbilia tarehe na saini. Hapa Kolandoto, Shinyanga, nimeikuta imechorwa ukutani, rangi bado inang'aa, na kwa mara ya kwanza nimemwona yule mwanamke. Nimemwona hasa!

Yuko kulia kwako unapoitazama. Kitambaa kichwani, nguo imemfunika tangu kifuani, ameshika pembe ya ndovu inayoizunguka ngao. Mwanamume yuko kushoto na pembe yake. Wote wawili wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, na hakuna aliyewekwa nyuma ya mwenziwe. Ngao ya Kenya inashikwa na simba wawili, ya Uganda swala na korongo, ya Uingereza simba na farasi mwenye pembe moja. Sisi tumeweka watu! Na nusu ya watu hao ni mwanamke.

Sasa shusha macho hadi miguuni. Kwa mwanamume pana mkarafuu. Kwa mwanamke pana pamba. Pamba, enyi watu wa Shinyanga! Shuleni tulifundishwa kwamba mimea hiyo ni ishara ya ushirikiano, na ni kweli. Ila huku Usukuma picha inasema zaidi. Nani hupalilia? Nani huinama jua kali la Juni akivuna, kisha akakaa uani kuchagua, pamba safi huku, fifi kule? Mzigo ukifika kwenye mzani wa chama cha ushirika (AMCOS), mara nyingi jina linaloandikwa ni la mume. Mchoraji yeye kaiweka pamba miguuni pa mwanamke, akamaliza ubishi.

(Mkarafuu nao usikudanganye: kule Pemba wanawake ndio wanaoketi mikekani kuchambua karafuu na kutoa makonyo.)

Kilichonisisimua kupita vyote ni ngao yenyewe. Katika sehemu nyekundu, rangi ya udongo wenye rutuba, kuna jembe na shoka vimepishana, pamoja na mkuki. Mchoraji angeweza kumpa mwanamume mkuki na mwanamke jembe, na watu wengi wasingeshangaa. Hakufanya hivyo! Silaha na zana zote zimo ndani ya ngao, na ngao iko kati yao. Kulima ni kwao wote, kuilinda nchi ni kwao wote. Nembo nzima ingekuwa na jambo hilo moja tu, ningeisifu vilevile.

Miongoni mwa wanaotajwa kuwa wachoraji wake ni Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, mtu wa Usukuma aliyefariki Mei 2017. Ukijua hivyo, pamba ile inazidi kupendeza.

Ombi langu ni kwa mafundi mnaochora kuta za shule na ofisi: msiiharakishe ile sehemu ya chini kulia. Pamba ipakeni nyeupe, ionekane imepasuka, na mwanamke mpeni macho na mdomo kama mnavyompa mwenzake. Watoto wa kike wanapita hapo kila asubuhi.