Mkono Ndani ya Gunia

Kahawa ya Nyabiyonza, wilayani Karagwe, hufika kwenye ghala la chama cha msingi ikiwa bado na maganda. Ni robusta iliyoanikwa juani hadi ikawa nyeusi na ngumu, ikaletwa kwa baiskeli, kwa bodaboda au kichwani. Katibu meneja anayeijua kazi yake hahangaiki na mdomo wa gunia. Anaingiza mkono hadi kiwiko na kuchota katikati, maana huko ndiko hujificha mawe na kahawa isiyokauka. Konzi ile anaitikisa karibu na sikio. Iliyokauka hulia, punje ikigonga ganda. Mbichi iko kimya. Kisha anavunja moja kwa meno. Kipima unyevu nacho kina kazi yake, ila kinajua habari za konzi iliyotiwa ndani yake tu, na ni mtu anayeamua konzi hiyo itoke sehemu gani ya gunia.

Napenda hasa namna anavyokataa. Gunia likiwa bichi, hamwaibishi mwenyewe mbele ya foleni. Anammiminia konzi kiganjani na kumwambia, "Isikilize mwenyewe, mzee." Mzee akiisikiliza, ubishi umekwisha. Anaonyeshwa nafasi kwenye turubai uani, kahawa inaanikwa palepale, naye hapandi nayo tena kilima. Mary Parker Follett, Mmarekani aliyefundisha mambo ya uendeshaji wa kazi miaka ya 1920, alishikilia kwamba agizo zuri halitoki kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Linatoka kwenye hali ya kazi yenyewe, ambayo wote wawili wanaitazama. Pale uani kahawa ndiyo iliyokataa, na mzee na katibu wamebaki upande mmoja.

Na kukataa huko ni lazima. Kahawa ya wanachama wote huchanganywa na kuuzwa mnadani kwa pamoja. Gunia bichi likipita, linawaambukiza ukungu majirani zake, na bei ikishuka inamshukia hata mama aliyeigeuza yake juu ya kichanja kila siku na kuifunika kila mvua ilipotishia.

Sehemu ngumu kuliko zote haionekani na mtu aliye kwenye foleni. Kahawa ikiwa ghalani huendelea kukauka, na ikikauka inapungua uzito. Huo ndio unyaufu. Chukua tani moja yenye unyevu wa asilimia 14. Ikishuka hadi asilimia 12, mizani itasoma kilo 977 hivi. Kilo 23 zimeondoka na hewa, hakuna aliyeiba. Katibu meneja asiyejua hesabu hii atamfukuza mtunza ghala mwaminifu. Anayeijua nusu nusu atakubali kila upungufu kwa jina la unyaufu, na wezi wataliona pengo hilo haraka kuliko bodi. Fundi hupima unyevu siku ya kupokea, akapima tena siku ya kupakia lori, akaandika vyote viwili, na kwa kalamu yake anatenga kilo zilizokauka na kilo zilizotoka mlangoni usiku. Sijui kazi nyingine ambayo haki ya mtu hutegemea tarakimu ya unyevu iliyoandikwa miezi miwili kabla hajatuhumiwa.

Angalia pia alivyopanga watu. Mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo imegeuzwa ili mkulima aone inachosoma, na kilo zinatajwa kwa sauti. Anayepima haandiki stakabadhi, na anayeandika hagusi malipo. Jioni jumla ya stakabadhi inalinganishwa na magunia yaliyo ghalani, na hakuna anayefunga mlango mpaka hesabu zilingane. Mpangilio huo hauanzi kwa kumdhania mtu ubaya. Unamwezesha mwaminifu kuthibitisha uaminifu wake bila kuapa, na katika sekta iliyoumizwa na ubadhirifu kama ushirika wetu, hiyo ni heshima kubwa kwa mfanyakazi.

Henri Fayol, mhandisi Mfaransa aliyeongoza kampuni ya migodi kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1916 kwamba kuongoza ni kupanga, kuunda, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Yote matano yamo kwenye ghala hili. Lakini Henry Mintzberg wa Kanada, aliyefuatana na wakuu watano wa taasisi na kutoa kitabu mwaka 1973, alikuta siku zao zimekatika vipande vipande, kila dakika chache mtu au jambo jipya. Msimu ukifunguliwa Mei, katibu meneja naye yuko hivyo: lori limekwama, kitabu cha stakabadhi kimekwisha, mvua inakuja na kahawa iko nje. Elimu ya Moshi, ambako Chuo cha Ushirika kilianza mwaka 1963, humpa leja na mizania. Lipi lishikwe kwanza wakati yote yanawaka, hilo anajifunza kwa misimu.

Tena yapo maarifa ambayo leja haina pa kuyaandika. Karagwe na Kyerwa wanaijua butura: mtu mwenye shida ya ada au hospitali huuza kahawa yake ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Kilo hizo zitavunwa, ila hazitakuja chamani, na nyingine zitatafuta njia ya magendo kuvuka kwenda Uganda. Katibu meneja anayeketi ofisini atakisia tani kwa kuhesabu miche. Yule ninayemsifu anajua nyumba ipi imeuguliwa Februari, na makisio yake anayashusha mapema kabla ya kuomba magunia na mkopo. Tena huifikisha shida hiyo kwa bodi wakati bado kuna la kufanya.

Ujuzi huu unapotea kwa urahisi. Wakulima wa Bukoba walikuwa na chama chao kikuu, BNCU, tangu 1950. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu nchi nzima, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa 1982. Sheria hurudi kwa kura za siku moja, lakini watunza leja waliotawanyika hawarudi hivyo. KDCU, chama kikuu cha Karagwe, kilianza mwaka 1990, na hata Kyerwa ilipomegwa kuwa wilaya mwaka 2012 kiliendelea kuhudumia pande zote mbili. Majengo yanaonekana na yanasifiwa. Watu wanaojua kulinganisha vitabu na magunia ndio waliokibeba chama, na mishahara yao kwenye vyama vya msingi ni midogo mno kwa uzito wa kazi.

Kwa hiyo, ndugu mwanachama, kwenye mkutano mkuu ujao usiulize bei na ukomo wa madeni peke yake. Uliza unyaufu wa msimu ulikuwa kilo ngapi, na unyevu ulipimwa lini. Ukijibiwa papo hapo, kitabu kikiwa wazi mezani, mpandishieni mshahara huyo katibu.