Namna ya Kupima Kazi ya Mhunzi wa Kwato

Mhunzi wa kwato ni fundi anayepunguza kwato za farasi na kuzivisha viatu vya chuma, na kazi yake ni ya aina ambayo kosa la milimita chache humtesa mnyama kwa wiki nyingi. Nchini Uingereza ufundi huu unalindwa kwa sheria: chama cha kale cha mafundi hao jijini London, Worshipful Company of Farriers, huhesabu asili yake tangu mwaka 1356 na kilipewa hati ya kifalme mwaka 1674, ilhali sheria ya usajili ya mwaka 1975 inamkataza mtu asiyesajiliwa kumvisha farasi kiatu, isipokuwa awe mwanagenzi au daktari wa mifugo. Mwanagenzi hujifunza chini ya fundi aliyeidhinishwa kwa takriban miaka 4. Hata hivyo, usajili huthibitisha kiwango cha chini cha ujuzi tu. Ubora unaozidi hapo husomwa kwenye ukwato wenyewe, tena kwa muda, kwa kuwa kazi inayong'aa siku ya kwanza yaweza kuwa mbaya ifikapo wiki ya sita.

Anayetaka kupima kazi hiyo sharti kwanza aelewe umbo la ukwato. Sehemu ngumu ya nje, iitwayo ukuta, imeundwa kwa keratini kama kucha za binadamu, nayo hukua kwa milimita 6 hadi 10 hivi kwa mwezi, hata ncha ya mbele huchukua karibu mwaka mzima kujifanya upya. Chini kuna wayo, na nyuma ya wayo ipo pembetatu ya kitu kinachonyumbulika ambayo husaidia kupokea uzito. Ukuta na wayo hukutana kwenye mstari mweupe. Nje ya mstari huo hakuna hisia, bali ndani yake kuna nyama hai na mishipa ya damu. Kwa kuwa kiatu huuzuia ukuta kusagika, farasi aliyevishwa viatu huhitaji kurudiwa na fundi kila baada ya wiki 6 hivi.

Uchunguzi huanza farasi akiwa amesimama mahali tambarare na pagumu. Akitazamwa kwa ubavu, mstari wa mbele wa ukwato unapaswa kufuata mwelekeo uleule wa sehemu fupi ya mguu iliyo kati ya kifundo na ukwato. Ikiwa ncha imeachwa ndefu na kisigino kikashuka, mstari huo huvunjika kwa nyuma, na kano za mguu hubeba mzigo usio wao. Akitazamwa kwa mbele, pande mbili za ukwato zinapaswa kulingana. Fundi hodari huyaona haya yote kabla ya kushika kisu: humtazama farasi akitembea, kisha hukigeuza kiatu cha zamani mkononi ili aone ni upande upi uliolika zaidi.

Kanuni kuu ya kuvisha ni kwamba chuma hufuata ukwato, wala ukwato haufuati chuma. Fundi mvivu huchukua kiatu kidogo, hukipigilia, kisha huupiga tupa ukuta wa mbele mpaka ulingane nacho. Alama zake ni ncha iliyobapa na ukuta uliokonda. Kiatu chenye moto kinapoguswa kwenye ukwato, moshi hupanda na alama nyeusi hubaki mahali palipogusana, na duara la weusi ulioenea sawasawa huonyesha kwamba uso ulisawazishwa vyema. Lakini fundi anayekiacha kiunguze kwa muda mrefu anatumia moto kuficha kazi ambayo tupa haikuimaliza. Visigino navyo huhitaji nafasi. Bracy Clark, tabibu wa farasi wa Kiingereza aliyeandika mapema karne ya 19, alisisitiza kwamba ukwato hutanuka kwa nyuma unapokanyagwa, na ndiyo maana chuma hutokeza kidogo nje ya ukuta upande wa visigino, na misumari hupigwa katika nusu ya mbele.

Misumari hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi kuliko kitu kingine chochote. Ncha ya kila msumari imechongwa upande mmoja ili ujipinde kwenda nje, mbali na nyama, na fundi hupiga huku akisikiliza, kwa sababu mlio hubadilika msumari unapoingia mahali pasipofaa. Hutokeza kwenye theluthi moja hivi ya kimo cha ukuta, yote katika mstari mmoja. Kisha ncha zake hukatwa, na mabaki hukunjwa na kulazwa. Kiganja kikipitishwa juu yake hakipaswi kukwama. Msumari uliokaribia nyama bila kuitoboa huweza kuonyesha madhara baada ya siku moja au mbili, na fundi mwaminifu humtahadharisha mwenye farasi kuhusu hilo, kisha hurudi bila ubishi akiitwa.

Mwendo ndio shahidi unaofuata. Farasi akiendeshwa kwa matiti, yaani mbio za polepole, juu ya sakafu ngumu, milio ya kwato iwe sawa. Akiinua kichwa kila mguu mmoja wa mbele unapotua, mguu huo una maumivu. Baada ya wiki 6 huangaliwa kama kiatu bado kimekaa imara, kama ukuta haukupasuka penye misumari, na kama visigino havikusogea mbele.

Tabia ya fundi nayo ni sehemu ya kipimo. Huinama mchana kutwa akiwa na mguu wa mnyama kati ya magoti yake, kwa hiyo maumivu ya mgongo na mateke ni sehemu ya maisha yake; hata hivyo, aliye bora huuteremsha mguu wa farasi mzee ili apumzike. Palipo na laminitisi, uvimbe wa tabaka zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato, husubiri eksirei ya daktari, na kuhusu farasi asiyehitaji viatu, fundi huyo husema wazi kuwa havihitaji.

Jicho hilohilo lafaa kwa punda wa Lamu, ambako shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa likiwahudumia wanyama hao tangu mwaka 1987. Ukwato wa punda husimama wima zaidi kuliko wa farasi, na anayeupunguza kwa pembe ya farasi huuharibu. Kwa mnyama yeyote kati ya hawa, fundi wa kuchaguliwa ni yule ambaye kwato alizozihudumia huwa na umbo bora katika ziara ya tatu kuliko zilivyokuwa katika ya kwanza.