Mkongo Umefika Mjini, Mbona Haupandi Kilimani?

Zipo sababu tatu zinazotajwa kila mara intaneti ya nyumbani inapozungumzwa Burundi: bahari iko mbali, nchi ni ya milima, na watu wamejenga kwa kutawanyika. Zote tatu zinapimika, na zikishapimwa zinaonekana hazitoshi kueleza kwa nini mwenye nyumba anangoja nyuzi za kioo miaka nenda miaka rudi, huku bando la simu analojishikiza nalo likilegea kila jioni. Tuanze na bahari. Kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura ni kilomita kama 1,500 kwa barabara. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo huuchukua milisekunde 7.5 tu, muda ambao hakuna mtumiaji atakayeuhisi. Hali ilikuwa tofauti kabisa zamani, mawasiliano ya nje yalipopitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta: kupanda na kushuka peke yake kulimeza karibu robo ya sekunde, kabla jibu halijaanza kurudi. Enzi hiyo ilianza kufungwa mikongo ya baharini ilipowashwa, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Burundi haikuwa mtazamaji katika jambo hilo. ONATEL, shirika lake la simu, ni miongoni mwa wanahisa wa WIOCC, kampuni yenye hisa kubwa katika EASSy, na Mkongo wa Taifa wa Tanzania ulisogezwa hadi mpakani Kabanga na Manyovu. Nchi isiyo na pwani hulipa gharama ya kupita kwa jirani, na hilo hupandisha bei ya jumla. Lakini bei ya jumla haielezi kwa nini mji mmoja una nyuzi na kilima kinachoutazama hakina.

Milima na kutawanyika ndizo hoja nzito zaidi, kwa hiyo tuzikalie. Ni kweli Mrundi wa mashambani hakai kijijini kwa maana ya nyumba zilizopangana. Kila familia ina rugo lake katikati ya migomba na mashamba, na kilima kizima ndicho kitongoji. Rwanda, yenye sura ileile ya ardhi, ilichagua kuwahimiza watu wahamie katika midugudu, yaani makazi ya pamoja, na mwenye kuvuta waya hufaidi mpango huo. Lakini kutawanyika si sawa na kuwa wachache. Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834 na msongamano unaozidi watu 400 kwa kila kilomita moja ya mraba, miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika. Tuchukue watu watano kwa kaya: tunapata kaya 80 katika kila kilomita ya mraba. Zikisambazwa sawasawa, kutoka rugo moja hadi jingine ni kama mita 110. Mkoa wa Gitega kwa mipaka yake ya zamani ulikuwa na kilomita za mraba 1,979 na komini 11, Ryansoro ikiwa mojawapo, yaani wastani wa kilomita za mraba 180 kwa komini. Eneo hilo lingekuwa duara, nyumba ya pembezoni kabisa ingekuwa chini ya kilomita 8 kutoka katikati. Teknolojia ya GPON, inayotumika kupeleka nyuzi majumbani karibu dunia nzima, hufika hadi kilomita 20 kutoka kwenye mtambo. Hata waya ukizunguka bonde na kufuata kona za njia hadi urefu wake ukaongezeka maradufu, mtambo mmoja kwenye makao ya komini ya ukubwa huo ungeifikia kila nyumba. Umbali, basi, si kizuizi cha kiufundi.

Gharama nayo? Hapa hesabu inahitaji uaminifu, kwa sababu si kila rugo litajiunga. Ikijiunga nyumba moja katika kumi, wateja hawatakuwa mita 110 mmoja na mwenzake bali kama mita 350. Waya kwa kila mteja umeongezeka mara tatu, si mara kumi, lakini umeongezeka, na mteja ni yuleyule mwenye kipato kidogo. Kampuni inayotazama faida ya miaka mitatu itaona hasara na kugeuza gari. Ndiyo maana sipendi lawama za jumla kwamba makampuni hayajali. Yanafanya hesabu sahihi ndani ya mpango uliowekwa, na kasoro imo ndani ya mpango.

Ili kuiona kasoro hiyo, turudi jinsi shina la mtandao wa nchi lilivyojengwa. Mwaka 2007 Benki ya Dunia iliidhinisha mpango wa miundombinu ya mawasiliano kwa Kenya, Madagaska na Burundi, fungu la Burundi likiwa dola milioni 20.1. Kutokana na mpango huo ikaja Burundi Backbone System, kampuni ya pamoja ya watoa huduma, na serikali ikanunua mapema sehemu ya uwezo wa mtandao ili kazi iwe na mtaji. Mwanzoni mwa 2014 mtandao ulizinduliwa, ukiwa na karibu kilomita 1,300 za nyuzi zilizounganisha mikoa yote 17 ya wakati ule. Ilikuwa kazi nzuri, nami nasema hivyo bila kusita: nchi ndogo iliyotoka vitani ilipata uti wa mgongo wa mawasiliano kwa kuwakutanisha washindani katika kampuni moja. Lakini tazama nani walikuwa wateja wa shina hilo. Serikali ilikuwa imenunua kwa ajili ya ofisi zake, na ofisi hizo zilikuwa Bujumbura na kwenye makao ya mikoa. Watoa huduma walihitaji njia ya kulisha minara yao. Kila aliyechangia alikuwa anajua waya utamfaa wapi. Tawi la kutoka mji wa Gitega kwenda vilimani, au kutoka mji wa Muyinga kwenda komini zake, halikuwa na mnunuzi wa mapema wa namna hiyo. Mwaka 2015 akaingia Lumitel, tawi la Viettel ya Vietnam, na desturi ya Viettel ni kujivutia nyuzi zake yenyewe hadi kwenye minara. Nyuzi zikaongezeka nchini, lakini uzi wa kampuni ya simu huishia chini ya mnara wake, na anayeuza bando la simu hana haraka ya kumkatia mfanyabiashara mdogo kipande cha nyuzi ili akauze intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa megabaiti.

Matokeo yake mtumiaji anayaona bila kuyajua jina. Mnara uliofungwa karibu naye unagawa masafa yake kwa mamia ya simu; asubuhi una nafasi, saa mbili usiku kila mtu yumo. Uzi mmoja wa GPON hubeba gigabiti 2.5 kwa sekunde, na ukigawanywa kwa nyumba 32 kila moja inabaki na megabiti 78 hata wote wakitumia kwa pamoja. Hapo ndipo penye tofauti ambayo hakuna bando jipya litakaloifuta.

Watakaonijibu wana hoja tatu, na zote zinastahili jibu. Wa kwanza watasema Starlink imeingia Burundi mwaka 2024, kwa hiyo mambo ya mitaro ya nyuzi yamepitwa na wakati. Setilaiti zake huruka kilomita kama 550 tu juu ya ardhi, na ucheleweshaji wa zamani umekwisha. Kwa kituo cha afya kilicho peke yake, au shule ya mlimani, sahani ile ni msaada wa kweli leo hii. Lakini kila setilaiti hugawa uwezo wake kwa wote walio chini yake, na nchi yenye watu 400 kwa kilomita ya mraba ndiyo sura mbaya kabisa kwa mgawanyo huo. Zaidi ya hapo, kifaa na mtandao wenyewe ni vya nje, katika uchumi ambao dola ni adimu. Mtaro huchimbwa na vijana wa kilima hichohicho, kwa faranga.

Wa pili watasema: umeme uko wapi? Ni wachache sana mashambani walio na umeme wa REGIDESO, shirika la umeme la nchi, na hilo ni la kweli. Lakini hoja hii inaipa nguvu GPON badala ya kuipunguzia. Kigawanyio cha mwanga kinachofungwa njiani hakihitaji umeme hata kidogo. Umeme unatakiwa kwenye mtambo wa komini na kwenye kisanduku cha nyumbani, kinachotosheka na wati chache za paneli ndogo ya jua. Mnara ndio wenye njaa ya umeme mchana na usiku, na jenereta yake inategemea dizeli ambayo Burundi imeikosa mara kwa mara miaka hii ya karibuni. Na pale nguzo za umeme zinapofika, ni upotevu kuzipitisha bila nyuzi. Mkongo wa Tanzania ulitumia kwa sehemu nyuzi zilizokuwa tayari kwenye njia za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania.

Wa tatu, na kwangu ndio wagumu zaidi, watasema umaskini unatosha kufunga mjadala. Nakubali kwamba nyuzi kwa kila rugo si kazi ya muongo huu. Ninachodai ni kitu kidogo zaidi: uzi wa umma hadi makao ya kila komini ya zamani, kisanduku kilicho wazi kwa kila mwenye leseni, na bei ya jumla iliyotangazwa na ARCT, msimamizi wa mawasiliano wa nchi. Kuanzia hapo shule, kituo cha afya na ushirika wa kahawa huungwa kwa nyuzi, na mfanyabiashara wa kilimani husambaza kwa mawimbi ya redio kwa majirani. Uwazi wa bei na wa mlango ni muhimu kuliko waya, kwa sababu muuzaji mmoja akishika ufunguo wengine hungoja. Rwanda iliijenga 4G yake kwa muuzaji mmoja wa jumla tangu 2013, na ni baada ya upekee huo kuondolewa ndipo MTN Rwanda ilipowasha 4G yake mwaka 2023.

Wakati wa kulifanya hili ni sasa, kwa sababu ramani imebadilika. Kuanzia uchaguzi wa 2025 mikoa 18 imekuwa mitano na komini 119 zimekuwa 42. Muyinga, iliyofikiwa na nyuzi kwa kuwa makao ya mkoa, sasa iko ndani ya Buhumuza, na makao yako Cankuzo. Ryansoro imeingizwa katika komini kubwa zaidi. Mpango ukiendelea kufuata ofisi, waya utafuata viti vya watawala wapya, na majengo ya komini za zamani yataachwa nyuma pamoja na watu wanaoishi mita 110 mmoja na mwenzake kuyazunguka.