Sifa za Mlinzi wa Pumzi

Aghalabu shukrani za upasuaji humwendea aliyeshika kisu, ilhali yule aliyekaa kichwani pa mgonjwa, akiilinda pumzi yake tangu mkato wa kwanza hata mshono wa mwisho, hutoka thieta bila ya kuulizwa jina. Katika hospitali za wilaya nchini mtu huyo mara nyingi ni muuguzi aliyeongezewa mafunzo ya dawa za usingizi. Na mwanafunzi wa Nyakahanga kule Karagwe, au wa Isingiro kule Kyerwa, anayeitamani kazi hiyo, ajue mapema kwamba kupiga sindano ndiyo sehemu yake nyepesi.

Kazi huanza kwa maswali. Chakula kiwe kimepita muda wa saa 6, na maji matupu saa 2, kwa maana tumbo lililojaa humtapisha aliyelala, na matapishi huingia mapafuni; na katika nchi ya ndizi na rubisi muuguzi mwenye busara hamwulizi mgonjwa peke yake, bali na mama mkwe aliyekuja na kikapu, kwani huruma ya nyumbani haiyajui masharti ya thieta.

Miongoni mwa dawa zote, mimi naistahi zaidi ketamini, iliyoundwa Marekani mwaka 1962. Miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, zikipitishwa mshipani polepole, humtenga mtu na maumivu kwa dakika 10 hivi, macho yakiwa wazi na yakichezacheza, na presha aghalabu ikipanda badala ya kushuka. Kwa hiyo humfaa aliyepoteza damu, tena haihitaji mashine ya kuivutia, umeme ukatike usikatike. Huzidisha mate na huleta ndoto za kutisha wakati wa kuzinduka, na mwenye pupa akiisukuma kwa haraka, pumzi husita.

Mama wa upasuaji wa uzazi, madhali hali yake yaruhusu, huchomwa bupivakaini mgongoni, akabaki macho amsikie mwanawe akilia. Hapo hatari ni presha kuanguka ghafla, na mara nyingi mama husema “nasikia kichefuchefu” kabla mashine haijapima tena; mlinzi hodari huifungua dripu papo hapo, humwinamisha upande wa kushoto, na efedrini aliyoiandaa tangu mwanzo i tayari ndani ya bomba.

Diazepamu hutuliza tu, haiondoi maumivu. Ikikutanishwa na pethidini, pumzi hufifia kuliko kila moja ikiwa peke yake, na naloksoni huizimua pethidini, si diazepamu. Koromo likisikika, taya husukumwa mbele kwa vidole nyuma ya pembe zake, kwa kuwa kipimo cha oksijeni kidoleni huchelewa kutoa habari ambazo jicho limekwisha kuziona kifuani.