Yatima wa Halle, Askari wa Mfalme

Kitabu cha Richard Gawthrop kuhusu Upietisti na ujenzi wa Prussia (1993) nilikisoma nikiwa nishaacha chuo, bila mtihani wa kuogopa. Labda ndiyo maana nilibishana nacho.

Hoja yake ina nguvu. August Hermann Francke alianza na watoto maskini wa Halle mwaka 1695. Alipofariki 1727 aliacha nyumba ya mayatima, shule, duka la dawa na kiwanda cha uchapaji. Pale mtoto alifunzwa kwamba muda ni wa Mungu, kuupoteza ni dhambi. Friedrich Wilhelm I, mfalme tangu 1713, akaona faida: mtu anayejichunga mwenyewe hahitaji mnyapara. Makasisi wa jeshi wakatoka Halle, na 1724 akafungua nyumba ya mayatima wa askari kule Potsdam. Utii kwa Mungu ukahamia ofisini na kambini.

Sawa. Lakini macho ya Gawthrop yako juu, kwa mchungaji na mfalme. Mimi namtaka yule yatima. Nani alimuuliza kama anataka kuokoka, ama kushika bunduki?

Mwaka 1721 Profesa Christian Wolff alisema palepale Halle kwamba Wachina wana maadili bila Ukristo. Wapietisti wakamshtaki, na 1723 mfalme akampa saa 48 aondoke au anyongwe.

Hawa ndio waliohubiri kwamba imani ni ya moyoni. Walipopata sikio la mfalme, moyo wa mwingine ukawa kesi.