Mkono wa Mpasuaji wa Macho

Mzee wa Nyamira ambaye mboni zake zimekuwa nyeupe kwa mtoto wa jicho hufika Kisii akishikwa mkono na mjukuu. Atalazwa chali, adungwe ganzi pembeni mwa jicho, kisha kazi ninayoistahi kuliko nyingi ifanyike kwa dakika chache tu.

Mpasuaji haanzii kwenye kioo cha jicho. Huanzia kwenye weupe wake, akachora mkato wa milimita sita au saba usiofika ndani. Hubadilisha kisu, akachimba njia ya chini kwa chini kati ya tabaka na tabaka mpaka aingie kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele. Hapo ndipo anapotoboa. Akipanda juu kidogo, paa la njia huchanika. Akishuka kidogo, hutokea ndani kabla ya wakati. Hana chombo cha kumwambia kina alichofika. Chini ya hadubini huitazama ncha ya chuma inavyoonekana kupitia tabaka lililo juu yake, na kwa kuonekana au kufifia huko anajua. Kwa kuwa njia hiyo ni ndefu na imelala, presha ya jicho lenyewe huibana kutoka ndani, na mara nyingi hahitaji hata uzi mmoja.

Kisha hufungua kifuko cha lenzi kwa mbele, akatoa kiini kigumu kilichochafuka, akaweka lenzi bandia mahali pake. Ngozi ya nyuma ya kifuko, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, ibaki salama. Ikipasuka, ute wa jicho husogea mbele na mambo huharibika. Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, wanaijua tahadhari ya namna hii tangu zamani: ababari wao, wapasuaji wa jadi, walifungua fuvu la aliyeumia kichwa kwa kukwangua mfupa polepole, bila kuugusa utando wa ubongo.

Lakini mkono kama huo hupatikanaje bila wagonjwa wa kwanza kuumia? Jaribio la OLIMPICS, lililoongozwa na William Dean pamoja na Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa ukanda huu, lilichapisha jibu mwaka 2021. Madaktari waliokuwa bado wanasomea macho Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe walikaa juma moja wakipasua macho ya bandia, wakirudia hatua moja moja na kujikosoa. Katika mwaka uliofuata mafunzo yao, kifuko kilipasuka katika asilimia 7.8 ya upasuaji wao. Kwa wenzao ambao walikuwa hawajapata mafunzo hayo, ilikuwa asilimia 26.6. Sijui takwimu nyingine inayomhurumia mgonjwa maskini kama hii. Hospitali yoyote ya kaunti inayofundisha ingepaswa kuwa na macho hayo ya bandia mezani.

Watafiti hao walijaribu njia hiyo hiyo kwa upasuaji wa presha ya macho, yaani glakoma, ugonjwa ambao Dkt. Dan Kiage, mwanzilishi wa Innovation Eye Centre mjini Kisii, ni bingwa wake. Katika upasuaji huo ufundi ni mgumu zaidi, na shukrani ni chache. Mgonjwa wa mtoto wa jicho hufunguliwa bendeji kesho yake akawatambua wanawe. Wa presha haoni nafuu yoyote. Uoni uliopotea haurudi, na mpasuaji anahangaikia ule uliobaki, kwa uangalifu ule ule.