Fairness Doctrine: mabishano yanapita kando ya swali

Wasomi wenzangu, kuna hadithi moja inapendwa sana kila wakati tunazungumza redio na siasa za Marekani. Eti zamani kulikuwa sheria ya usawa, Reagan akaiondoa mwaka 1987, Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima mwaka 1988, na tangu pale redio za mazungumzo zikakuwa za upande mmoja. Tarehe ni za kweli. Lakini hadithi yenyewe inaruka vitu vya maana.

Kwanza, Reagan hakuiondoa kwa mkono wake. Bunge lilipitisha mswada wa kuigeuza kuwa sheria, yeye akakataa kutia sahihi. Kisha FCC, ile tume inayotoa leseni za redio na televisheni, ikaifuta. Ilikuwa kanuni ya tume tangu 1949. Na ilidai vitu viwili tu: kituo kizungumze mambo ya umma yenye ubishi, na kisikilizishe maoni yenye kupingana. Haikudai dakika kwa dakika. Ile ya kumpa mgombea nafasi sawa na mwenzake ni jambo lingine, iko ndani ya sheria ya mawasiliano ya 1934, na haijafutwa. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku.

Wapinzani wa kanuni wana hoja yenye nguvu, tusiwadharau. Mwaka 1964 mhubiri Billy James Hargis alimshambulia mwandishi Fred Cook kwenye redio ndogo ya Red Lion, Pennsylvania. Cook akaomba kujibu bila kulipa, mwenye redio akakataa. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na mwaka 1969 majaji wote walioamua wakasema haki ya msikilizaji inapita haki ya mwenye redio, juu mawimbi ni machache na si kila mtu anaweza kupata. Vizuri sana. Kumbe mwaka 1976 Fred Friendly, mkubwa wa zamani wa habari za CBS, akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa chama cha Democratic walikuwa nyuma ya Cook. Malalamiko yalikuwa mbinu ya kuchosha redio za mrengo wa kulia mpaka zione bora kunyamaza. Redio kubwa ina wakili. Redio ndogo ya kijijini itamtoa wapi?

Ila wapinzani wanapenda kuishia Red Lion. Hawafiki Jackson, Mississippi. Pale televisheni WLBT ilitetea ubaguzi, na Weusi, karibu nusu ya watu waliofikiwa na matangazo yake, hawakupata sauti. Kanisa la United Church of Christ likapeleka malalamiko pamoja na wakaaji. FCC, yenye kanuni ya usawa mkononi, ikaendelea kukipa kituo leseni! Ni mahakama ya rufaa iliyoamua mwaka 1966 kwamba wasikilizaji wa kawaida wanaweza kusimama mbele ya tume, kisha 1969 ikavunja uamuzi wa tume. Kwangu mimi hapa njo kuna fundisho ambalo pande zote mbili zinaliacha: kanuni ililala mpaka mahakama ilipowafungulia wananchi mlango.

Na umiliki, nani anauzungumza? Kabla ya 1996 kampuni moja haikuweza kuwa na redio zaidi ya 40 nchi nzima. Sheria ya mwaka ule, iliyotiwa sahihi na Clinton, Democrat, ikaondoa kikomo cha kitaifa, na Clear Channel ikapita redio 1,200. Sisi wa agronomia tukikuta mmea mmoja tu kwenye hektari zote, hatuanzi kulaumu mbegu, tunauliza shamba ni la nani. Mwaka 2007 Center for American Progress ilihesabu redio 257 za wamiliki wakubwa watano: asilimia 91 ya mazungumzo ya siku za kazi ilikuwa ya kihafidhina. Ripoti yenyewe ilielekeza kidole kwa umiliki. Wanasiasa wakakimbilia Fairness Doctrine. Mike Pence akaleta mswada wa kuizuia isirudi, sawa vile iko mlangoni, wakati hata Obama hakutaka irudi. Mwaka 2011 FCC ikafuta maneno yake ya mwisho kwenye vitabu, na redio hazikubadilika hata kidogo.

Huku kwetu, kifungu cha 212 cha Katiba kinaipa CSAC kazi ya kuangalia kwamba vyama na raia wanafikia kwa haki vyombo rasmi vya habari. Vyombo rasmi, someni vizuri. Redio ya mheshimiwa fulani haimo. Mwenye kutaka kanuni kama ile ya Marekani iingie hapo, aanze kwa kutuambia malalamiko yataletwa na nani, na wakili wa redio ndogo atalipwa na nani.